Kinda au mkubwa? Kusoma umri wa vitwitwi msimu wa kuhama

Kuanzia mwisho wa Julai hadi Mei mwanzoni, fukwe, mafungu na tope la mikoko la pwani yetu hupokea vitwitwi, ndege wa ufukweni wanaohama, kutoka Siberia, Asia ya Kati, Ghuba na Bahari ya Shamu. Mtazamaji akishapata jina la ndege, mara nyingi hufunga daftari, na hapo ameacha nusu ya habari mezani. Swali linalofuata jina ni hili: huyu ametotolewa mwaka huu, au ni mzoefu wa safari? Ukiweza kulijibu kwa ndege mia moja, utajua kama msimu wa kuzaliana huko kaskazini ulikwenda vizuri au uliharibika, na hutakuwa umetoka nje ya Watamu au Kunduchi.

Kazi hii hufanyika bila wavu na bila kumshika ndege. Inataka darubini, kalenda, kuyajua maji na kuyaelewa manyoya. Rangi huja mwisho, ingawa wengi huanza nayo na ndiyo huwapoteza.

Sare mpya na shati la viraka

Kinda, kwa maana ya mwongozo huu, si yule wa kiotani. Ni ndege aliyekwisha kukamilika, amesafiri kwa mabawa yake mwenyewe, ila bado amevaa manyoya yake ya kwanza. Manyoya hayo yaliota yote kwa pamoja ndani ya wiki chache. Kwa hiyo yana upya mmoja na uchakavu mmoja, na yamelala safu kwa safu kama magamba ya samaki. Mengi yana pindo jembamba jeupe au la rangi ya mchanga, na katika spishi kadhaa ndani ya pindo hilo kuna mstari mweusi unaofuata umbo la unyoya.

Mkubwa anayefika Agosti ana historia ndefu zaidi mwilini. Manyoya yake ya kuzalia aliyaotesha kabla ya kuondoka kwenda kaskazini, na tangu hapo jua na upepo vimeyala ncha. Juu ya hayo ameanza kuotesha mapya ya kijivu, moja hapa, matatu pale. Kinda ni mwanafunzi aliyeshonewa sare siku moja, na mkubwa ni fundi gereji mwenye kiraka kipya kwenye shati kuukuu.

Swali la kwanza basi ni moja: manyoya haya ni ya rika moja au marika mawili? Lishike hilo na mengine yote yatapata mahali pa kukaa.

Utalitafuta jibu katika sehemu nne za mwili, na inafaa uzijue kabla ya kwenda ufukweni. Kuna manyoya ya bega, yale mapana yanayofunika mahali bawa linapoungana na mgongo. Kuna manyoya ya kifuniko, safu ndogo ndogo katikati ya bawa lililokunjwa. Kuna manyoya marefu ya ndani, matatu au manne, yanayolala juu ya ncha ya bawa ndege akiwa amesimama. Mwisho ni manyoya makuu ya ncha, 10 kila upande, ambayo ndege akisimama utaona vichwa vyake tu vikichomoza karibu na mkia. Ukiwa na nafasi ya kutazama sehemu moja tu, chagua manyoya ya kifuniko. Bega hubadilishwa mapema, lakini kifuniko cha bawa humsaliti kinda kwa miezi.

Maji kwanza, darubini baadaye

Anayekwenda ufukweni kwa saa ya mkononi badala ya saa ya maji atawaona vitwitwi kama vumbi la mbali. Maji yakipwa hutawanyika kwenye tope na majani ya baharini, wengine kilomita nzima kutoka ukingoni. Yanapojaa huwasukuma kuelekea kwako hadi fungu la mwisho. Muda mzuri ni kuanzia saa tatu kabla ya maji kujaa kabisa hadi saa moja kabla. Hapo ndege wako karibu, bado wanakula, wamegeuka huku na huku, na bawa linaonekana. Baadaye husongamana na kulala, mdomo mgongoni. Kuwatenganisha mmoja mmoja ni kazi, ingawa bega bado linasomeka.

Pwani ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, kisha huchelewa kama dakika 50 kila siku. Siku mbili baadaye, bamvua, yaani maji makubwa, ikiwa kamili, kujaa kutakuwa karibu na saa 11 na nusu jioni. Hesabu nyuma: unakaa mahali pako saa 8 na nusu mchana na unafanya kazi hadi saa 10 na nusu. Kwenye fukwe zinazotazama mashariki jua litakuwa nyuma yako na linashuka, mwanga unalainika, na kila pindo la unyoya linajitokeza. Hakuna wakati bora zaidi ya huo katika mwezi mzima.

Maji mafu, yale ya mwezi nusu, hayana raha hiyo. Kujaa huangukia karibu na saa 4 asubuhi, jua likiwa usoni mwako, na tofauti kati ya kupwa na kujaa, ambayo wakati wa bamvua hupita mita 3, hupungua hadi karibu na mita 1. Maji hayafiki kwenye mikoko, ndege hawasukumwi, wanabaki mbali. Siku hizo afadhali uende kwenye madimbwi ya chumvi, kama yale ya Gongoni kaskazini ya Malindi au ya Bagamoyo, ambako unaweza kukaribia ukiwa juu ya tuta. Madimbwi hayo hayo hufaa pia siku za bamvua kubwa, maji yakishafunika mafungu yote na ndege hawana pa kusimama.

Mahali pengine panapolipa ni Hori ya Mida karibu na Watamu, mlango wa Mto Sabaki, fukwe za Kunduchi, na eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoandikishwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda maeneo oevu.

Onyo moja kuhusu maji: kwenye hori na delta, mikondo hujaa nyuma yako kabla ya fungu ulilosimama kulowa. Mtu anakazana na ndege walio mbele, akigeuka anakuta mkondo uliokuwa wa kifundo cha mguu umefika kiunoni. Chagua njia ya kurudi kabla ya kufungua darubini, na kama hupajui mahali, nenda na mvuvi wa hapo.

Vifaa, kwa ufupi

Darubini ya mkono ya 8x42 au 10x42 inatosha kupata jina. Kwa umri utahitaji darubini ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, inayokuza mara 20 hadi 60. Usikimbilie 60. Mchana tope hutoa sarabi, hewa inacheza, na kadiri unavyovuta ndivyo mapindo ya manyoya yanavyoyeyuka. Fanya kazi kwenye 25 au 30 na usogee kwa subira. Shusha miguu ya darubini ukae chini. Mtu aliyekaa hawaogopeshi ndege kama aliyesimama, na upepo wa kusi hautaitikisa.

Kwa picha, weka kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, na punguza mwanga kidogo. Kosa la kawaida ni picha iliyoungua. Mchanga mweupe na maji yanayomeremeta huidanganya kamera, na ukijaribu kurekebisha kupita kiasi mapindo meupe ya kinda hupotea ndani ya weupe. Baadaye mtu anaangalia picha na kusema "mkubwa", kumbe mwanga ndio umefuta ushahidi. Picha kumi za mfululizo ndege anapotua ni bora kuliko moja nzuri ya aliyesimama, kwa sababu anapotua hufungua bawa.

Viatu viwe vya kufunga. Ndala hubaki kwenye tope, na kwenye miamba ya matumbawe kuna miiba ya uruti.

Kalenda hufanya nusu ya kazi

Kwa vitwitwi wa Aktiki, wakubwa hutangulia. Wanaofika mwisho wa Julai na Agosti karibu wote ni wakubwa, kwa kuwa huwaacha makinda wakikua na kuondoka mbele yao. Makinda huanza kuonekana Septemba, huongezeka Oktoba, na kufikia Novemba karibu wote wamefika. Spishi zinazozaliana kusini zaidi, kama vile wale wa Asia ya Kati, huwahi. Kinda wao mwezi Agosti si ajabu.

Oktoba hadi Januari wakubwa hubadili manyoya makuu ya ncha. Huanza na la ndani kabisa na kwenda nje moja baada ya jingine, hivyo bawa likifunguka utaona pengo au ngazi katikati. Bawa lenye pengo mwezi Oktoba si la kinda. Kinyume chake hakithibitishi kitu: bawa zima linaweza kuwa la kinda au la mkubwa ambaye hajaanza.

Kuanzia Februari mambo hugeuka. Manyoya ya ncha ya mkubwa sasa ni mapya, meusi, mapana, wakati ya kinda, ambayo yametumika tangu kaskazini, yamekuwa ya kahawia na ncha zimechongoka. Baadhi ya ndege wa mwaka wa kwanza hubadili machache ya nje tu kati ya Januari na Mei. Hapo utaona kitu cha ajabu, nje jipya jeusi, ndani kuukuu la kahawia, yaani kinyume cha mpangilio wa mkubwa anayeendelea kubadili. Ukikiona hicho, umri hauna ubishi.

Aprili wakubwa wanavaa rangi za kuzalia na kunenepa, kisha wanaondoka hadi Mei mwanzoni. Wengi wa mwaka wa kwanza hawaendi. Vitwitwi wa kijivu unaowaona Juni na Julai kwenye tope, wamechakaa na hawana haraka, ni hao. Kwa spishi ndogo unaweza kuandika kwa moyo mkunjufu kwamba walitotolewa mwaka uliopita. Kwa wakubwa wa mwili kama sululu usiwe na uhakika huo, maana wengine hukaa zaidi ya kiangazi kimoja kabla ya kuzaa.

Mmoja kwa karibu: Calidris ferruginea

Jifunze kwa spishi moja hadi uichoke. Inayofaa zaidi pwani hii ni Calidris ferruginea, kwa sababu ni wengi, hula karibu, na umri wao unasomeka vizuri. Ni kitwitwi wa sentimita 20 hivi, miguu myeusi, mdomo mrefu mweusi unaopinda chini taratibu kama sindano ya gunia iliyochoka, na akiruka kiuno chake cheupe huonekana wazi juu ya mkia.

Mkubwa wa Agosti huhitaji sekunde mbili. Tumboni ana madoa ya wekundu wa tofali kati ya manyoya meupe mapya, kana kwamba kamwagikiwa mchuzi akafutwa nusu. Mgongoni weusi na kahawia iliyochakaa imechanganyika na kijivu kisafi. Kufikia Oktoba wekundu unaweza kuwa umebaki manyoya mawili matatu chini ya mkia au ubavuni, kwa hiyo subiri ageuke kabla ya kukata shauri.

Kinda wa mwisho wa Septemba ni ndege mwingine kabisa. Tumbo ni jeupe bila doa. Kifua kina wekundu hafifu wa embe bivu, uliopakwa kwa usawa, na pembeni una michirizi myembamba sana. Nyusi nyeupe imekaa vizuri juu ya jicho. Mgongo na bawa ni kahawia ya kijivu, na hapa ndipo pa kuvuta darubini: kila unyoya wa kifuniko una pindo jeupe lililokamilika, ndani yake mstari mweusi, katikati kijivu. Pindo halijakatika mahali. Likiwa limekatika au limeliwa ncha kwenye baadhi ya manyoya na kukamilika kwenye mengine, hayo ni marika mawili. Rudi nyuma uanze upya.

Rangi ya embe haidumu. Baada ya wiki chache za jua kifua kinakuwa cheupe, na Novemba manyoya ya mgongo na bega yamekwisha kuwa ya kijivu kama ya mkubwa. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu wanatafuta ndege mwenye magamba na hawamwoni. Tazama chini ya bega, kwenye kifuniko cha bawa. Kinda atakuwa na mgongo wa kijivu laini ulioketi juu ya bawa la kahawia lenye mapindo yaliyoanza kufifia. Mkubwa atakuwa na kijivu juu na kijivu chini, na kila unyoya una mshipa mweusi mwembamba tu katikati. Upepo ukimfunua bega, utaona zaidi. Manyoya ya bega yakilegea hufunika kifuniko chote, kwa hiyo ndege aliyepigwa na upepo wa nyuma ni zawadi.

Utaratibu ni huu kwa kila ndege. Chagua aliyesimama ubavu. Tazama kifuniko cha bawa, uamue rika moja au mawili. Panda kwenye bega, ulinganishe. Shuka tumboni, utafute masalia ya rangi ya kuzalia. Mngoje ajinyooshe, maana vitwitwi wanaopumzika hunyoosha bawa kila mara, na hapo utaona manyoya ya ncha. Halafu andika. Ikiwa ushahidi miwili unagombana, andika alama ya kuuliza na uende kwa mwingine.

Wengine utakaokutana nao

Calidris minuta ni mdogo kuliko wote, sentimita 13 hivi. Kinda wake ana mistari miwili meupe mgongoni inayokutana kama herufi V, na mapindo ya kahawia nyekundu. Mkubwa wa Agosti ameungua jua na kuwa mweusi-mweusi, V yake imekatikakatika.

Calidris alba, yule anayekimbia na wimbi kana kwamba ana deni nalo, ni rahisi mwanzoni wa msimu. Kinda ana mgongo wa mraba-mraba mweusi na mweupe kama ubao wa drafti, wakati mkubwa aliyekwisha kubadili ni kijivu cheupe kitupu.

Pluvialis squatarola kinda huja na madoa ya dhahabu mgongoni na michirizi kifuani, na kila mwaka kuna anayemwandika kuwa Pluvialis fulva, jamaa yake wa rangi ya dhahabu. Ngoja aruke: kwapa jeusi humaliza ubishi. Dhahabu hiyo hufifia kuwa nyeupe kadiri msimu unavyosonga, kwa hiyo kinda wa Januari hatambuliki kwa rangi. Mkubwa wa Agosti na Septemba ana mabaka meusi tumboni.

Wale wawili wa mchanga, Anarhynchus leschenaultii na Anarhynchus atrifrons (vitabu vya zamani vinawaweka chini ya Charadrius), husumbua kwa jina kuliko kwa umri. Wa kwanza ana mdomo mrefu na mzito zaidi na miguu mirefu yenye kijani-kijivu. Wa pili ana mdomo mfupi na miguu myeusi zaidi. Umri: kinda ana mapindo ya rangi ya mchanga kwenye manyoya yote ya juu, mkubwa wa majira ya kaskazi ni kahawia tupu bila pindo. Mkubwa anayewasili bado ana kahawia nyekundu kifuani na alama nyeusi usoni.

Sululu, Numenius phaeopus, ni mgumu na si aibu kumwachia alama ya kuuliza. Dalili ya kinda ni madoa meupe safi yaliyopangika ukingoni mwa manyoya marefu ya ndani. Kwa mkubwa ukingo umeliwa. Usimpime kwa urefu wa mdomo peke yake. Mdomo wa kinda huendelea kukua baada ya kuruka, na ndege dume na jike hawalingani.

Dromas ardeola, mla kaa mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene kama kisu cha kufungulia chaza, anastahili muda wako. Huyu hatoki Aktiki. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, kwenye fukwe na visiwa vya Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu na mtoto. Na anaendelea kumlisha hapa hapa, jambo ambalo ni nadra sana kwa ndege wa ufukweni. Kwa hiyo umri unaweza kuusikia kabla ya kuuona: kinda hufuata mzazi akiinama na kupiga mluzi bila kukoma, akiomba kaa. Kwa macho, mgongo wa mkubwa ni mweusi, wa kinda ni kijivu, na utosi na kisogo cha kinda vina michirizi. Mwanga ukiwa nyuma ya ndege vyote huonekana vyeusi, kwa hiyo zunguka kwanza.

Penye kuteleza

Kosa kubwa ni kumwita kila wa kijivu "mkubwa". Kijivu ni nguo ya kaskazi, na kinda naye huivaa. Kosa la pili ni kumwita kila mwenye pindo jeupe "kinda". Unyoya mpya wa mkubwa pia una pindo, ila ni pana, halina mstari mweusi ndani, na limesimama kati ya manyoya makuukuu.

Tope nalo hudanganya. Ndege aliyetoka kula kwenye mikoko huwa na kifua cha kahawia ambacho si rangi yake. Mngoje aoge. Na jihadhari na mwenyeji, Anarhynchus marginatus, anayezaa hapa hapa pwani juu ya mstari wa mwani uliotupwa na maji. Makinda wake wanaweza kuonekana miezi ambayo wahamiaji wachanga hawajafika, na mtazamaji mgeni huwaandika kama ajabu ya mwaka. Tembea chini ya mstari huo, kwenye mchanga mgumu, usije ukakanyaga kiota, maana mayai yake yana rangi ya mchanga wenyewe.

Kuhesabu na kuandika

Asilimia ya makinda ndiyo matunda ya kazi yote hii. Kwa Calidris ferruginea imejulikana kwamba miaka mizuri na mibaya hupokezana kufuatana na lemingi, panya wa Siberia. Panya wakiwa wengi, mbweha na ndege wawindaji hushiba kwao. Wakiisha, mayai na makinda ya vitwitwi ndiyo chakula. Hivyo fungu la tope karibu na Malindi linaweza kukuambia habari za panya wa Taimyr, rasi ya kaskazini mwa Siberia.

Ila hesabu inaharibika kirahisi. Usiifanye Septemba, wakati makinda bado wako njiani. Novemba na Desemba ndiyo miezi yake. Usichukue ukingo mmoja wa kundi, kwa sababu makinda huwa pembeni na kwenye malisho duni, na huwa wapole zaidi, hivyo wale walio karibu na wewe si mfano wa kundi zima. Anza upande mmoja, sogeza darubini hadi mwisho, soma kila ndege wa tatu bila kuruka wagumu. Pata angalau 100 wenye jibu, katika vituo viwili au vitatu vya ufukwe huo.

Tuseme umesoma 140, 18 hawakujulikana. Wenye jibu ni 122, na 27 kati yao ni makinda: asilimia 22. Andika pia wale 18. Mwisho wa msimu wasiojulikana mara nyingi ni makinda waliokwisha kubadilika, na anayeisoma hesabu yako baadaye lazima ajue ukubwa wa shaka.

Kwenye daftari, kila kituo kiwe na tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, hali ya maji, idadi ya kundi, wakubwa, makinda na wasiojulikana. Wanaovisha ndege pete hutumia namba za EURING, umoja wa Ulaya wa wavisha pete, na inafaa uzizoee: 3 ni aliyetotolewa mwaka huu wa kalenda, 5 ni wa mwaka uliopita, 4 ni aliyetotolewa kabla ya mwaka huu bila kujua lini, 6 ni aliyetotolewa kabla ya mwaka uliopita, 2 ni aliyekomaa mwili lakini umri haujulikani. Mtego uko Januari 1. Kinda uliyemwandika 3 jana leo ni 5, ingawa hakubadili hata unyoya mmoja. Anayesahau hilo huharibu takwimu za Januari, mwezi ambao hesabu ya ndege wa majini hufanyika Afrika nzima.

Ukiona pete au kibendera mguuni, andika mguu wa ndege, si wa upande wako. Andika kama iko juu au chini ya goti, rangi kutoka juu kwenda chini, na herufi ulizosoma kwa hakika. Herufi uliyobahatisha iwekee alama. Picha ya miguu, hata mbovu, ni bora kuliko kumbukumbu.

Na usiwarushe ili uone mabawa. Kati ya Februari na Aprili kitwitwi anaweka akiba ya safari: Calidris ferruginea wa gramu 55 hivi mwezi Desemba anaweza kupita 80 kabla ya kuondoka, na kila mara anaporuka kwa sababu yako anachoma akiba hiyo. Ndege wa mbele wakiacha kula na kunyoosha shingo, umefika mwisho wa kusogea. Rudi hatua tano, ukae, uwaache wainamishe vichwa tena. Baada ya dakika kumi watajisogeza wenyewe, na mmoja atanyoosha bawa.